Treni Iliyoondoka na Njia Yake

Nimekana kwa miaka mingi, mbele ya ndugu, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja hata mbele ya mchungaji, kwamba niliwahi kupanda treni yoyote utotoni. Leo naungama kwamba nilipanda. Naikumbuka treni hiyo vizuri kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Tatizo ni kwamba treni ninayoikumbuka haiwezekani, na mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu hapendi kuonekana akikumbuka vitu visivyowezekana.

Sisi tuliokulia Mlowezi wakati kijiji kizima kilikuwa na redio moja, na mwenye redio akiringa kuliko mwenyekiti, tulikuwa na kila kitu cha reli isipokuwa reli yenyewe. Tulikuwa na tuta lililotoka kwenye reli kubwa kusini na kuja mpaka kijijini, limenyooka kama mtu mwenye kiburi, wakati njia zetu nyingine zote zilipinda huku na huku kama zimechorwa na mbuzi. Tuta hilo ndilo lilikuwa barabara yetu ya kwenda shule. Masika, mbuga ikijaa maji, lilibaki peke yake limekauka, na wote tulipita hapo kwa adabu: watoto, mbuzi, kina mama wenye mizigo ya kuni, na nyoka. Kila mmoja alimpisha mwenzake.

Tulikuwa na stesheni ya mawe, ambayo siku zetu ilikuwa ghala la mtama. Dirisha dogo la kukatia tiketi lilikuwa bado lipo. Tulikuwa tunauziana tiketi za majani ya mpapai hapo, na aliyekuwa ndani alikuwa na haki ya kukuambia "nafasi zimejaa" hata kama ulikuwa abiria peke yako. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa kwa boliti. Kokoto za tuta zilikuwa bora kuliko zote kwa kucheza mdako, kwa sababu zilikuwa na kingo na hazikuteleza mkononi. Tulipochoka na rede na kombolela tulicheza treni: tunashikana mashati, aliye mbele anapiga honi, aliye nyuma anakula vumbi. Mimi nilikuwa behewa la mwisho daima. Niliomba mwenyewe kuwa wa mwisho, na hakuna aliyejua kwa nini.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando kama ng'ombe walikubali. Hatukuwa na kitu kilichoitwa "sipendi". Ukisema hupendi, bibi anakwambia, "Basi kaa upendezwe na njaa." Siku hizi mtoto anaulizwa anataka nini asubuhi, mchana na jioni, kama mgeni wa serikali, na bado anakonda.

Reli hiyo ilijengwa kwa nini? Hapo ndipo kichwa changu huanza kuuma. Mwalimu wetu wa darasa la tano alisema Wazungu waliijenga kwa ajili ya shamba kubwa la karanga, na ardhi yetu, ambayo haijawahi kupokea amri ya mtu, ikawalipa vumbi. Katekista alisema si karanga, ni ng'ombe, na karanga zilikuwa uzushi wa walimu. Mzee mmoja jirani yetu aliapa kwamba ilikuwa ya chumvi. Akatupeleka mpaka mahali ambapo chumvi ilikuwa ikipakiwa, akatuambia tulambe udongo. Tukalamba. Ulikuwa na chumvi kweli. Lakini udongo wa kwetu wote una chumvi, hata wa nyuma ya choo cha shule, kama alivyothibitisha mwenzetu mmoja asiyejua kukoma.

Nilipofika chuo kikuu nikajitia ujuzi. Nikaenda kutazama ramani za zamani. Moja ilionyesha tawi letu likifika Mlowezi. Nyingine ilionyesha likikatikia porini, kama mchoraji aliitwa kwenda kula. Ya tatu haikuwa na habari nalo kabisa. Nikaandika insha ndefu yenye maneno magumu, na mwalimu akaniuliza hitimisho langu ni lipi. Sikuwa nalo wakati ule. Sijalipata mpaka leo, na nimeshafundisha watu wengine jinsi ya kuandika hitimisho.

Jambo moja tu wote walikubaliana: treni ya abiria ilikoma kuja kwetu kabla mimi sijazaliwa. Na reli zenyewe ziliondokaje? Kila mtu alikuwa na lake. Majirani zetu wengi waliletwa pale baadaye, wakati wa kuhamia vijijini, wakakuta tuta tupu. Kwa hiyo walieleza kwa ule uhakika mkubwa wa watu ambao hawakuwepo. Wengine walisema malori. Wengine walisema wafungwa na mikokoteni. Wengine walisema ni wezi, na wakati wakisema hivyo walikuwa wameegemea nyumba iliyojengwa kwa mataruma ya chuma, yale ambayo reli hulazwa juu yake.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa rika langu, mnihukumu wenyewe.

Niko juu ya behewa lisilo na ukuta wala paa. Ni asubuhi. Nimepakatwa. Aliyenipakata ameketi juu ya kitanda cha kamba. Ndiyo, kitanda, juu ya treni. Juu yetu kuna khanga iliyofungwa kwenye miti ili kuzuia jua, na upepo unaipigapiga. Nasikia harufu ya grisi, na harufu ya samli kutoka kwenye mikono iliyonizunguka. Treni inakwenda kidogo, inasimama. Inakwenda kidogo, inasimama. Nyuma yetu wanaume wanaimba na vyuma vinalia. Mmoja wao ananipa chai kwenye kopo, tamu mno, na mimi nacheka. Kisha natazama nyuma, kule tulikotoka, na reli hakuna. Tuta lipo. Alama za mataruma zipo, zimejipanga kama mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi. Reli hakuna. Treni imetoka mahali ambapo treni haiwezi kutoka.

Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu. Na aliyenipakata ni mama.

Mama alifariki mimi nikiwa bado sijafikia umri wa kutumwa moto kwa jirani. Niliambiwa aliugua, akapelekwa hospitali mjini kwa gari, hakurudi. Picha yake hatuna hata moja. Watu husema alikuwa mrefu, wengine husema alikuwa wa wastani. Husema alikuwa mcheshi, wengine husema alikuwa kimya. Nilichokuwa nacho mimi peke yangu, ambacho sikuazimwa na mtu, kilikuwa ile mikono yenye samli. Uso sikuuona hata hapo kwenye treni, maana mtoto aliyepakatwa haoni uso, anaona mikono.

Nilipopata akili ya kuuliza, nilimuuliza baba. Baba alikuwa mtu wa kweli, tena kweli ya kukera. Mgeni akimuuliza kama chakula kipo, na hakipo, alijibu "hakipo" kabla mama wa kambo hajapata nafasi ya kukopa unga. Lakini nilipomuuliza habari za treni alisema bila kunitazama, "Hapakuwa na treni."

"Baba, mimi nilipanda."

"Hapajawahi kuwa na treni hapa."

Alisema hivyo huku akimfunga mbuzi kwenye taruma la chuma alilolisimika uani. Nyuma yake kengele ya shule, kipande cha reli, ilikuwa inalia. Nikatazama taruma, nikasikiliza kengele, nikamtazama baba. Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijapata likizo.

Shuleni nilisimulia mara moja tu. Mwaka mzima wakaniita Dereva. Walinihoji: treni gani haina paa, treni gani ina kitanda cha kamba, treni gani inapita pasipo na reli? Nikaona wanakoelekea. Wakishamaliza kuondoa paa, na kitanda, na reli, mwisho watafika kwa mwanamke aliyeketi pale na mtoto mapajani, nao watasema hakuwepo. Hapo nikaanza kukana. Niliwapa treni yote waichukue, ilimradi wasifike mpaka kwenye ile mikono.

Nimekana hivyo mpaka nikawa mtu mzima, mpaka baba akazikwa, mpaka nywele zikaanza kunipa salamu nyeupe. Na ningeendelea, kama si Krismasi iliyopita.

Tulikutana mjini, mtaa wa Ipagala, kwa kaka yangu Zefania. Zefania ni mkubwa kwangu kwa miaka ya kutosha kunidharau. Nilipokuwa mdogo yeye alikuwa Bahi kwa babu, akichunga ng'ombe, akarudi nyumbani mama ameshafariki. Binti yake, Neema, alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme. Alitusimulia safari kwa masikitiko. Treni ilikwenda upesi mno, filamu aliyokuwa anaitazama kwenye simu haikuisha. Pia hakukaa dirishani, kwa hiyo picha alizopiga zina bega la mtu. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake alipokuwa na umri wake alisafiri kwenda Dar kwa treni akiwa amesimama, ameshika kuku, na alipofika yeye na kuku walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hakuweza kumchinja. Nikajizuia. Vijana wa leo ukiwaeleza shida zako wanakuuliza kwa nini hukulalamika.

"Shangazi, na ninyi treni mlizijua tangu zamani?" Neema akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, kaka akadakia. "Huyu? Huyu alipanda daraja la kwanza. Kitanda cha kamba, chai ya bure, reli hakuna."

"Reli hakuna, baba?"

"Hakuna. Treni hewa. Muulize, si msomi? Atakueleza ilivyokuwa inaelea."

Watu wakacheka mpaka sahani zikatikisika. Nami nikacheka, kama nilivyojizoeza. "Ndoto za kitoto tu," nikasema. "Sijawahi kupanda treni yoyote kule."

Shangazi Mele, dada yake baba, ndiye pekee aliyebaki katika watu wazima wa enzi zile. Alikuwa anapakua mlenda. Mkono wake ukasimama hewani, mlenda ukidondoka kutoka kwenye upawa.

"Zefania," akasema, "wewe ulikuwa Bahi na ng'ombe."

"Kwani mimi nimesema nini, shangazi?"

"Nasema ulikuwa na ng'ombe. Kula."

Kaka akala. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyejua kwa nini. Jioni hiyo hiyo shangazi alitaka arudishwe kwake Bahi, ingawa alikuwa amekuja kukaa wiki. Alipoaga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akaingia garini.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Nikawa nawaza Mlowezi, ambako nilipita mwaka jana na sikuelewa nilichokiona. Upande mmoja tuta limekuwa barabara ya kokoto na bodaboda zinapita hapo bila kumpisha mtu wala nyoka. Upande mwingine limelimwa alizeti, likasawazishwa, na mkulima aliyelilima alinishangaa nilipomuuliza reli ilipita wapi. Stesheni ya mawe ni mahali pa kuchajia simu. Dirisha la tiketi bado lipo, na kijana aliyekaa ndani aliniambia nafasi zimejaa. Kengele ya shule ilikatwa ikauzwa chuma chakavu. Sisi tulikuwa na vipande vya treni bila treni, tukaijenga wenyewe kwa mashati ya wenzetu. Watoto wa sasa wanayo treni nzima, inafika mjini, ina taa na viti vya kulala, nao wanaitazama kama wanavyotazama bomba la maji. Siwalaumu. Mtu hushangaa kile alichonyimwa. Lakini ningependa, walau mara moja, nimwone Neema akiomba kuwa behewa la mwisho.

Jumamosi moja, mchana, nilikuwa nyumbani kwangu mjini, Area D, nikichambua mchele. Simu ikalia. Alikuwa shangazi Mele, na shangazi hupiga simu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Halo! Halo! Nani mwenzangu?"

"Shikamoo shangazi. Si umenipigia wewe?"

"Marahaba. Nimekupigia, lakini lazima nijue kama ni wewe. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Kaa chini."

"Nimekaa."

"Umekaa kweli, au umekaa kwa mdomo?"

Nikavuta kigoda, nikakaa kweli.

"Ile treni ilikuwepo," akasema.

Nikaishika simu kwa mikono miwili. Nadhani aliona nimekata, maana aliita halo mara kadhaa, ndipo akaendelea, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa ya kawaida, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye simu.

"Ilikuwa ya kung'oa reli. Ilikuja mpaka mwisho kabisa, hapo Mlowezi, ikaanza kurudi. Wanaume wanafungua boliti nyuma yake, wanapakia vyuma juu ya mabehewa, treni inasogea kidogo, wanang'oa tena. Mzigo ukijaa ndipo inakwenda kushusha stesheni kubwa. Mama yako alikuwa hoi. Mvua ilikuwa imeshafunga njia, gari haliingii. Baba yako akamwangukia mnyapara. Mnyapara akasema hairuhusiwi kupakia mtu. Baba yako hakuondoka, akabaki amepiga magoti. Mwisho yule akasema, mleteni, lakini sijamwona."

"Wakamleta na kitanda," nikasema.

"Wakamleta na kitanda. Lakini mzigo ulikuwa haujajaa, mwanangu. Tukakaa pale juu tangu asubuhi, mgonjwa juani, tunangoja vyuma vijae. Ndipo nikafunga khanga yangu. Wewe unacheka. Wanaume wakikuona unacheka wanazidisha wimbo, na kazi ikaenda mbio. Nimewaza mara nyingi, labda kicheko chako ndicho kilichotufikisha."

"Na mimi mlinichukua kwa nini?"

"Ulilia. Mama yako akasema, aje."

Alinieleza yaliyobaki polepole. Stesheni kubwa baba na mama walipanda treni ya mjini. Yeye na mimi tulirudi kwa miguu juu ya tuta, mimi mgongoni, na kabla hatujafika nyumbani reli zilikuwa zimeshaisha chini ya miguu yake. Njiani nilimuuliza, treni imebeba njia, mama atarudi kupitia wapi? Baba aliporudi peke yake nikamuuliza yeye. Nikamuuliza jioni hiyo, na kesho yake, na kila jioni nikitoka kusimama juu ya tuta: baba, warudishe vyuma, mama atapitia wapi?

"Baba yako aliweza kila kitu," shangazi akasema. "Alichimba kaburi mwenyewe kule mjini. Hilo swali hakuliweza. Siku moja akaniita nyuma ya zizi, akasema, 'Mele, kuanzia leo hapakuwa na treni.' Nikamwambia, 'Kaka, mtoto kaiona kwa macho yake.' Akasema, 'Mtoto husahau.' Basi nikanyamaza. Yeye akafa, nikanyamaza. Nikawa nawasikia wanakucheka, nanyamaza. Lakini juzi wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, unasema hukupanda! Nikasema hapana. Hapo tumezidisha."

Mchele ulikuwa umemwagika chini na kuku wa jirani walishaingia. Sikuwafukuza. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumuuliza mtu, kwa sababu nilijua jibu moja lingenipa kila kitu na jingine lisingeniachia hata mikono.

"Shangazi, aliyenipakata alikuwa nani? Alikuwa mama, au ulikuwa wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nashikilia miti ya khanga isiende na upepo. Nilimwambia, wifi, nipe mtoto, huna nguvu. Akanikatalia. Akasema, 'Niachie, wifi. Nitakupa tukifika.'"

"Na mlipofika?"

"Tulipofika, akanipa."